Mjadala: Ukimwita mtu "mmoja wetu" na humlipi, hiyo ni familia au ni utumwa?

Mleta mada

Wadau, habari za leo. Naomba tulijadili hili kwa hoja, matusi tuyaache nje.

Mwaka 1943, Ufilipino ikiwa mikononi mwa Wajapani, luteni mmoja wa jeshi katika mkoa wa Tarlac alimwendea binti wa miaka 18 wa familia fukara. Wazazi wa binti walitaka kumwoza kwa mfuga nguruwe aliyemzidi umri maradufu. Luteni akampa njia nyingine: chakula na pa kulala, ilimradi amtunze bintiye wa miaka 12. Kisha akamwambia bintiye kwamba huyu ni zawadi yako. Aliyetolewa zawadi aliitwa Eudocia Tomas Pulido. Hakujua kwamba makubaliano yale hayakuwekewa mwisho.

Yalidumu miaka 56. Mwaka 1964 familia ilihamia Marekani ikaenda naye. Alipika, akafua, akalea watoto watano, akalala penye nafasi, mara nyingine juu ya rundo la nguo chafu, na hakulipwa. Aliahidiwa posho ya kuwatumia wazazi wake, posho haikuja. Wazazi wote wawili walifariki na hakwenda kuzika. Viza yake ilikuwa imeisha zamani, na wenye nyumba waliogopa kwamba akitoka, siri itatoka naye. Watoto walimwita Lola, yaani bibi.

Mmoja wa watoto hao, Alex Tizon, alikuja kuwa mwanahabari mwenye tuzo ya Pulitzer. Mama yake, yule binti aliyepewa "zawadi", alipofariki mwaka 1999, alimchukua Lola kwake karibu na Seattle, akampangia dola 200 kwa wiki, na Lola alipofika miaka 83 akampeleka kwao. Kule wazazi wake na wengi wa ndugu zake walikuwa wameshakufa. Akarudi Marekani, akafariki mwaka 2011. Tizon aliyaandika haya yote, na jarida la The Atlantic likayachapa Mei 2017, wiki chache baada ya yeye mwenyewe kufariki.

Ugomvi ukaanza. Wamarekani wengi walisema huyu alikuwa mtumwa na familia nzima ilistahili kufikishwa mahakamani. Wafilipino wengi wakajibu: msituhukumu kwa historia yenu ya mashamba ya pamba, kwetu mtu wa kulea watoto ni sehemu ya nyumba. Wafilipino wengine, hasa wanaotetea wafanyakazi wa ndani, wakawageukia ndugu zao na kuwaambia acheni kuficha uchafu nyuma ya utamaduni.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Ulikuwa utumwa, na mapenzi ya watoto hayakuufuta. Sipimi kwa kipigo wala kwa njaa. Nauliza tu: huyu mama angetaka kuondoka Jumatatu asubuhi, angeweza? Hana senti, hana karatasi, hana ndugu bara zima lile. Na swali la pili, ambalo naona wengi walilikwepa mwaka ule: mtu aliyekata tamaa ndani ya nyumba ya namna hiyo, anayemwona afanye nini hasa?

Mzee wa Tanga, baharia mstaafu

Mleta mada, umefunga kesi kabla ya mashahidi.

Nimekula chumvi nyingi na Wafilipino melini. Tangu kwa nahodha hadi kwa mpishi, wamejaa. Mkataba wao unawataka wapeleke nyumbani si chini ya asilimia 80 ya mshahara wa msingi, na sikuwahi kumsikia mmoja akilalamika kwamba mama yake anamnyonya. Wana kitu wanakiita *utang na loob*, deni la moyoni. Aliyekusomesha, aliyekupa ugali siku ya njaa, huyo humlipi ukamaliza. Unamheshimu mpaka kaburini. Sisi tunasema fadhila ya punda ni mateke, wao mtu asiye na deni hilo moyoni wanamhesabu si mtu. Ni kitu kimoja.

Sasa wewe unakuja na kipimo cha mshahara. Ulaya wanalipana kila kitu, na wazee wao wanafia kwenye nyumba za wazee. Huyo Lola alikufa mikononi mwa watoto aliowalea, majivu yake yakarudishwa kijijini kwao. Sisemi hakuonewa. Alionewa. Lakini neno "mtumwa" lina uzito wake, msilitupe ovyo. Babu zetu huku pwani waliliona soko lenyewe.

Kijana wa Kariakoo

Kwa hiyo beki tatu wangu akitaka kuondoka Jumatatu asubuhi nimfungulie geti abebe na redio?

Binti Unguja

Mzee wangu shikamoo. Kwa kuwa umeligusa soko, nami ni wa hapa hapa, tulizungumze.

Soko la watumwa la Mkunazini, hapa Unguja, lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe haukufungwa siku ile. Amri ya kuufuta ilitoka Aprili 1897, na hata hiyo ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru, na aoneshe ana pa kukaa na namna ya kujikimu. Wengi hawakwenda. Wangekwenda wapi, wakati ardhi, nyumba na minazi vyote vilikuwa vya bwana?

Halafu kuna kundi ambalo amri ile iliwaacha nje kwa makusudi: masuria. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba hao ni kama wake, ni watu wa nyumbani. Waliruhusiwa kudai kuachiliwa iwapo tu wanatendewa ukatili. Ilipita miaka mingine hadi 1909 ndipo na wao sheria ikawafikia. Kwa hiyo hapa kwetu, Mzee, kuitwa mtu wa familia ndiko kulikomchelewesha mwanamke kupata uhuru wake kwa miaka 12. Lugha ile ile aliyoitumia mama yake Tizon.

Na Ufilipino nao wanayo yao, ya kabla ya Mhispania. Padri Juan de Plasencia aliandika mwaka 1589 kuhusu desturi za Watagalogi, akaeleza *alipin* wa aina mbili: anayekaa nyumbani kwake na kumtumikia bwana kwa zamu, na anayekaa ndani ya nyumba ya bwana. Njia kubwa ya kuwa alipin ilikuwa deni. Umeshindwa kulipa, unatumika. Na mtoto anaweza kurithi. Kwa hiyo deni na utumwa kule ni majirani wa siku nyingi, Wazungu hawakuwafundisha.

Mzee wa Tanga, baharia mstaafu

Marahaba binti. La masuria nalijua, bibi yangu alilisema. Lakini usichanganye deni la pesa na fadhila.

Dada wa Muscat

Jamani naomba niwatoe kidogo kwenye vitabu. Nipo huku Oman, nimekaa na Wafilipina nyumba moja na nyumba za jirani. Nitasema ninachokijua.

Mfilipina ana mgongo. Sisi hatuna. Serikali yao mwaka 2006 iliweka kima cha dola 400 kwa mwezi kwa kazi za ndani, na mwenye nyumba akiandika pungufu, ubalozi wao haupitishi mkataba. Sisi tunalipwa kwa kutazamwa pasipoti: kazi ile ile, jiko lile lile, mshahara tofauti. Akitoroka, ana nyumba ya hifadhi ya serikali yake. Sheria yao ya mwaka 1995 ilitaka vituo vya kuwasaidia wafanyakazi vifunguliwe kwenye nchi wanakojaa, viwe wazi saa 24, sikukuu na Jumapili, na penye matatizo makubwa kuwe na wakili na mtu wa ustawi wa jamii. Sisemi vyote vinafanya kazi vizuri. Nimesikia hadithi za kutisha za humo pia. Lakini vipo.

Mnajua vilitoka wapi? Mwaka 1995 Singapore ilimnyonga mfanyakazi wa ndani, Flor Contemplacion, kwa kesi ya mauaji ambayo Wafilipino wengi waliamini hakuyafanya. Nchi ilisimama. Watu walijaa barabarani, mawaziri wakaondoka, na kabla ya miezi mitatu kuisha sheria ilikuwa imesainiwa. Mwaka 2018 mwili wa mfanyakazi mwingine ukapatikana ndani ya friza Kuwait, ulikuwa humo zaidi ya mwaka. Rais wao wakati ule, Duterte, akazuia watu wapya kwenda, na Mei mwaka ule ule Kuwait ikasaini makubaliano: pasipoti isishikwe na mwajiri, simu asinyang'anywe. Sisi wa Afrika Mashariki wangapi wamerudi kwenye masanduku, na nani alisimama?

Kuhusu swali la pili la mleta mada. Dada akikwambia amechoka kuishi, usimwambie vumilia. Hilo neno huku linaua. Wale Wafilipina nilichowaona wanafanya ni hiki: mmoja anabaki naye kwenye simu, hamkatii. Mwingine anaomba picha ya pasipoti, jina la kafili, yaani mwajiri anayemdhamini, mtaa, hata picha ya duka la jirani. Wa tatu anapiga ubalozini na kuwasumbua mpaka wachoke. Hawamhubirii. Wanamuuliza umekula? mlango una ufunguo? upo ghorofa ya ngapi? Swali la ghorofa nililielewa baadaye, kwa sababu wapo wanaoruka.

Kijana wa Kariakoo

Hapo sina utani tena dada. Pole.

Nesi, Leeds

Nimesoma kimya, naomba niongeze upande ambao Mzee hakuuona melini, maana baharia Mfilipino hawezi kukuambia wewe mgeni kwamba mama yake anamnyonya. Aibu yake haimruhusu.

Wodi yetu bila Wafilipino inafungwa kesho. Mwenzangu mmoja ni *ate*, mtoto wa kwanza wa kike. Amesomesha wadogo zake wote, amejenga nyumba ambayo hajawahi kulala zaidi ya majuma machache, na kila Desemba anajaza lile boksi kubwa la zawadi, sabuni, kahawa, viatu, nyama za makopo. Usiku mmoja wa zamu alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ingekuwa vizuri asiamke. Nilimuuliza moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Watu huogopa kuuliza, wakidhani watamtia wazo kichwani. Hapana. Kwenye kazi yetu tunafundishwa kuuliza, na yeye alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia.

Kilichokuwa kinamkaba kilikuwa mkopo alioudhamini kwa ajili ya mdogo wake, na hakuweza kusema nyumbani kwamba hana. Tulimpeleka kwa daktari, hilo kwanza. Lakini kilichomshusha ule mzigo ni wenzake Wafilipino. Wana mchezo wa fedha, *paluwagan*, ni upatu huu huu wetu. Wakamsogezea zamu yake mbele, akalipa. Kisha dada mmoja mkubwa kuliko yeye akampigia mama yake huko kwao Iloilo na kusema maneno ambayo mwenyewe asingeweza kuyasema: mwaka huu boksi halipo.

Kwa hiyo Mzee, ukarimu wa familia ya Kifilipino ulitaka kumuua, na ukarimu huo huo ndio uliomwokoa. Sijui unaupima vipi kwa mizani moja. Nchini kwao wana sheria ya afya ya akili tangu 2018 na huduma ya simu ya dharura tangu 2019; namba yake ni 1553. Hatua nzuri. Ila simu haimlipii mtu mkopo.

Wakili, Nairobi

Tuko pamoja, lakini naona tunaelekea kusema serikali ya Ufilipino ni malaika. Tusisahau nani alianza biashara hii. Rais Marcos baba aliweka sera ya kupeleka watu nje kwenye kanuni za kazi za mwaka 1974, akijua wazi kwamba kazi nyumbani hazitoshi na dola zinahitajika. Mwaka 1982 akatoa amri ya kumlazimisha mfanyakazi wa ndani arudishe nusu ya mshahara wake kupitia benki. Wanawake wa Hong Kong waliungana wakaipinga mpaka ikalegezwa mwaka 1985. Rais Cory Aquino akaja mwaka 1988 akawaita mashujaa wapya. Leo fedha zinazotumwa zinazidi dola bilioni 38 kwa mwaka. Ukishamwita mtu shujaa, unamdai ushujaa. Familia inamwambia una deni kwetu, taifa linamwambia una deni kwetu, wakala naye ana daftari lake. Nairobi tunaifuata njia hiyo hiyo kwa mbio, mawaziri wanasimama kwenye majukwaa wakitangaza nafasi za Ghuba kana kwamba ni mafanikio yao.

Upande wa sheria sasa. Ufilipino iliridhia Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 2012, nchi ya pili baada ya Uruguay, na ndiyo iliyoufanya uanze kutumika. Januari 2013 wakapitisha sheria yao ya wafanyakazi wa ndani, *Batas Kasambahay*: mkataba wa maandishi, saa nane za kupumzika kwa siku, siku nzima kwa wiki, mshahara wa mwezi wa 13, marufuku kumfunga mtu kwa deni, marufuku kumwajiri aliye chini ya miaka 15. Kima kilianza kwa peso 2,500 Manila na 1,500 kwenye miji midogo. Fedha kidogo sana, lakini kimeandikwa. Tizon alikua kwenye nyumba ambayo hakuna kilichoandikwa.

Mleta mada

Nashukuru kwa michango. Mzee wa Tanga, nakujibu wewe hasa, maana hoja yako ndiyo nzito zaidi.

Unasema fadhila na deni la pesa ni vitu viwili. Sawa. Basi tuangalie nani alimfadhili nani kwenye nyumba ile. Mama yake Tizon alipokuwa msichana alidanganya kuhusu mvulana, baba yake akashika mkanda. Binti akasema Lola atapokea adhabu yangu. Pulido akasimama akachapwa viboko 12 kwa kosa lisilo lake. Marekani, mama huyo alipokuwa kazini, aliyekuwa macho na watoto ni Pulido. Kama deni la moyoni lina maana, wao ndio waliodaiwa. Lakini halikuwahi kuhesabiwa kwa upande huo hata siku moja. Hapo ndipo ninapogombana na wanaosema "ni utamaduni wetu". Utamaduni ungefuatwa kweli, Pulido angepelekwa kumzika mama yake mzazi kwa gharama ya familia nzima, na kijiji kingepokea zawadi. Walichukua nusu ya desturi inayowafaa, wakaacha iliyobaki.

Kuhusu uzito wa neno, nalikubali. Mtumwa wa Mkunazini alitiwa minyororo, Pulido hakutiwa. Lakini mtu aliyeandika neno "mtumwa" ni mtoto aliyelelewa naye. Kaka yake ndiye aliyemtajia neno hilo walipokuwa wadogo, na tangu hapo Tizon hakuweza kulisahau. Sikulitoa kwa Wazungu.

Sasa anayeona afanye nini? Nyumba ile ilikuwa na majirani, ilikuwa na wageni, watoto walikuwa na marafiki. Waliambiwa huyu ni ndugu yetu, wakakubali. Sitaki kuwalaumu sana kwa kutojua. Ila kilichofanya kazi mwisho kilikuwa vitu vya kawaida mno: chumba chake, fedha mkononi mwake, karatasi halali, tiketi. Tizon anaeleza kwamba hata baada ya hayo Lola aliendelea kusafisha nyumba asubuhi na mapema, na ilimchukua muda kukubali kukaa tu, kupanda maua, kuangalia televisheni. Dada wa Muscat, nadhani wewe unaelewa hili kuliko sisi: ukimtoa mtu ndani, bado hujamaliza naye.

Dada wa Muscat

Naelewa sana. Kuna dada tulimsaidia kutoka, wa kwetu huku, wiki ya kwanza alikuwa anaomba ruhusa kwenda chooni. Alirudishwa nyumbani, na nyumbani nako wakamuuliza mbona umerudi mikono mitupu. Hapo ndipo alipotaka kujidhuru, kwao, si Oman. Nimesema hili kwa wanaodhani kafili ndiye pekee wa kulaumiwa. Mwenye dada au mtoto Ghuba, kabla hujamuuliza ametuma nini, muulize analala saa ngapi.

Mzee wa Tanga, baharia mstaafu

Mleta mada, viboko 12 vimenigusa. Hilo la kuhesabu deni upande mmoja sitabishana nawe, hata melini tulikuwa na manahodha wa hivyo.

Lakini bado sijajibiwa. Nina mjukuu wa ndugu yangu hapa nyumbani. Wazazi hawana kitu. Anasoma, anakula nasi, jioni anaosha vyombo, anafagia. Simlipi. Kwa sheria za wakili wetu mimi nikoje?

Wakili, Nairobi

Mzee, sheria ya Ufilipino ilikutana na swali lako hilo hilo. Imewatoa nje ya orodha ya wafanyakazi watoto wanaolelewa na familia, kwa masharti mawili: wapate shule kweli, na wapewe fedha zao za matumizi ya shule, nauli, chakula cha mchana, mahitaji ya masomo. Wapo wanaoitumia nafasi hiyo vibaya, wanamwandikisha mtoto shule na hafiki darasani, ndiyo maana wanaharakati kule hawaipendi.

Kwako ningeuliza mambo machache tu. Wajukuu zako wa damu, nao wanaosha vyombo? Mitihani ikifika, nani anaacha kufagia? Na akisema anataka kurudi kwa mama yake, nauli iko wapi?

Mzee wa Tanga, baharia mstaafu

Nauli ipo. Vyombo… la vyombo nitalizungumza na bibi yenu.